Maji yamezidi kwenye chupa, mavyaa asema ni madafu

SWALI

Shikamoo Bi Mkunga,

Nina umri wa miaka 29, nakaa Likoni, na hii ni mimba yangu ya pili. Niko wiki ya 31. Tangu mwezi uliopita tumbo limekua ghafla hadi majirani wananiuliza kama ni pacha. Nikilala chali pumzi hazitoshi. Kliniki nesi alinipima tumbo kwa ile tepu yake, akapima tena, akaandika 36 kwenye kitabu na kuniambia nikapige skeni.

Skeni nimepiga. Mtoto ni mmoja na moyo wapiga vizuri, lakini karatasi imeandikwa AFI 27, na chini yake maneno ya Kizungu ambayo daktari alinifasiria kwa sentensi moja: "Maji yamezidi kwenye chupa, rudi baada ya wiki mbili." Nikamuuliza yamezidi kwa nini. Akasema hutokea, akaita mwengine.

Nilipofika nyumbani ndipo maneno yalipoanza. Mavyaa asema ni madafu. Ni kweli nilikuwa nikinywa dafu kila jioni, mume wangu akiniletea mwenyewe, kwa sababu mimba ya kwanza niliambiwa yasafisha mtoto. Sasa madafu yamepigwa marufuku na maji ya kunywa napimiwa vikombe vitatu kwa siku, na joto hili mwalijua. Wifi yangu ana rafiki aliyepewa vidonge vya kukojoa miguu ikashuka uvimbe, ataka nami nitafutiwe. Mavyaa pia ataka kumwita bibi mmoja wa hapa mtaani aje anikande tumbo. Asema mtoto amekaa vibaya ndio maana maji yamejaa. Tena nimeletewa kombe, yale maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, ninywe asubuhi na jioni. Hilo sina neno nalo, lakini nalo ni maji, naogopa.

Mume wangu ni dereva wa trela, siku nyingi yuko njia ya Malaba. Akipiga simu swali lake ni moja: umekula nini? Usiku nimeingia mtandaoni nikasoma kwamba maji yakizidi mtoto huzaliwa na kasoro. Tangu hapo sipati usingizi. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kawaida, kilo 4.2, na hana shida yoyote. Mama yangu mzazi ana sukari, lakini mimi kliniki nikipimwa mkojo huambiwa niko sawa.

Je, nimejiletea mwenyewe? Niendelee kupunguza maji? Na ni lazima nipasuliwe?

Mja mzito, Likoni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kanywe maji kwanza, gilasi nzima, kisha urudi usome.

Hukujiletea, na madafu hayana kesi hapa. Mimba ikishavuka nusu yake, maji mengi yaliyo kwenye chupa, ule mfuko anamoelea mtoto, ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Anakojoa, anayameza, anakojoa tena, na akikaribia kuzaliwa hutoa zaidi ya nusu lita kwa siku. Unachokunywa wewe huingia kwenye damu yako, kinachozidi hutolewa na figo zako, na safari yake huishia chooni. Kwa kawaida maji ya chupa hufika lita moja hivi karibu na wiki ya 34 hadi 36, halafu huanza kupungua. Yakizidi, ama mtoto anakojoa kupita kiasi, ama hamezi inavyotakiwa, ama sababu haionekani. Hiyo ya mwisho ndiyo ya wengi. Nusu ya wanawake wenye hali hii, au zaidi, hupimwa kila kitu na kisipatikane kitu.

Hiyo 27 yako usiichukulie kama hukumu. Anayepiga skeni huligawa tumbo robo nne, katika kila robo anatafuta mahali maji yalipo na kina kirefu zaidi, anapima kwa sentimita, kisha anajumlisha. Wengi wetu huwa kati ya 5 na 24. Kuanzia 25 hadi chini ya 30 ni kuzidi kidogo, 30 hadi chini ya 35 ni kwa wastani, na 35 kwenda juu ndiko kuzidi sana. Wewe uko ngazi ya chini, na wengi wanaoambiwa maji yamezidi wako ngazi hiyo hiyo. Tena kipimo hiki hupanda na kushuka. Si ajabu ukarudi baada ya wiki mbili ukakuta 24.

Hata hivyo siwezi kukwambia ukae tu usubiri hizo wiki mbili. Katika barua yako kuna mambo mawili umeyapitisha harakaharaka, na mimi ndiyo yaliyonishtua kuliko ile 27: mtoto wa kwanza wa kilo 4.2, na mama mzazi mwenye sukari. Mwanamke mwenye historia hiyo anaweza kupata sukari ya mimba bila dalili hata moja. Sukari ya mama huvuka kwa mtoto kupitia kondo la nyuma, damu ya mtoto nayo huwa na sukari nyingi, na mwenye sukari nyingi hukojoa sana. Hapo chupa hujaa. Kupimwa mkojo hakutoshi, mwanangu. Mkojo unaweza kuonyesha sawa na damu isiwe sawa.

Kipimo unachotaka ni cha damu. Unafika maabara asubuhi hujala kitu, unatolewa damu, unapewa maji ya glukosi gramu 75 unywe (matamu ya kukirihisha, jikaze usitapike), kisha unatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Ukifika 5.1 kabla ya kula, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, hata moja tu kati ya hizo, hiyo ni sukari ya mimba. Kwa kawaida hufanywa wiki ya 24 hadi 28, lakini kwako hujachelewa. Usingoje tarehe ya kurudi. Nenda wiki hii.

Na ikitoka kwamba sukari ipo, hapo mavyaa atapata ushindi wake mdogo, kwa maana dafu lina sukari yake, na juisi ya ukwaju, na mahamri ya asubuhi, na halua ya kusindikizia kahawa. Vyote vitakaa mezani kujadiliwa na mtaalamu wa lishe. Lakini vitajadiliwa kwa ajili ya sukari. Kupimiwa maji vikombe vitatu katika joto la Mombasa kutakuletea kuumwa na kichwa, mkojo wa kuchoma, na tumbo kubana kabla ya wakati wake. Kunywa kama ulivyokuwa ukinywa.

Vidonge vya wifi, hapana. Vile hutoa maji kwenye damu yako. Chupa hubaki vilevile, na damu inayokwenda kwa mtoto inaweza kupungua. Kombe kunywa kama latuliza moyo wako, kikombe kimoja hakiongezi kitu. Hakikisha tu aliyeandika ametumia zafarani, si wino wa dukani.

La kukandwa tumbo nalisema kwa ukali kidogo: mtu asikuguse. Mavyaa ameona jambo la kweli ila amelipindua. Mtoto akiwa na maji mengi huelea, leo yuko kichwa chini, kesho amelala kimkingamo. Ni maji yanayomfanya asitulie, wala si yeye aliyeyaleta kwa kukaa vibaya. Ukimsukuma kwa mikono, kondo laweza kuachia kutoka kwenye ukuta wa mji wa uzazi, na hiyo ni damu ambayo hapana mkunga wa mtaani awezaye kuizuia. Sasa, kumwambia mavyaa hapana nyumbani kwake ni kazi, nalijua hilo. Usimwambie wewe. Mwambie daktari amekataza tumbo lisiguswe, na kama bibi amekwisha kuitwa, basi akukande miguu na mgongo, ambako kweli wahitaji. Bora zaidi, nenda naye kwenye skeni ijayo. Mzee akioneshwa mtoto kwenye kioo na akaelezwa na daktari uso kwa uso, akirudi nyumbani ndiye atakayewazuia wengine.

Kuhusu kasoro. Ulichosoma kina ukweli ndani yake, lakini kimeandikwa bila kukutazama wewe. Wako watoto ambao hawawezi kumeza kwa sababu koo la chakula limeziba au utumbo umefunga karibu na tumbo, au kuna shida ya ubongo au mishipa ya fahamu. Kadiri maji yanavyozidi ndivyo uwezekano huo unavyopanda, na kwa walio ngazi yako ni watoto wachache. Jawabu lake ni skeni ya kina, ile ya kumkagua mtoto kiungo kwa kiungo, si ile ya kuangalia moyo na kupima maji peke yake. Ukifika, uliza: tumbo la mtoto laonekana? Lina maji ndani? Kwenye skeni hilo tumbo huonekana kama kiduara cheusi upande wa kushoto. Likionekana vizuri ni dalili njema kwamba anameza. Wamtazame pia moyo, uti wa mgongo, uso, na ukubwa wake.

Fungua na kitabu chako cha kliniki, ukurasa wa vipimo vya damu. Kama kundi lako la damu lina alama ya kutoa, muulize daktari kama umepimwa kinga zinazoweza kumshambulia mtoto, kwa sababu mtoto akipungukiwa na damu maji nayo huzidi. Hakikisha pia kipimo cha kaswende kimejazwa. Hayo ni ya dakika tano.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hukuniuliza, nami ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote: utazalia wapi, na chupa ikipasuka utafanya nini.

Wewe wakaa Likoni. Kati yako na hospitali kubwa ya rufaa, hiyo ya Makadara, pana maji ya kivuko. Gari la wagonjwa hupewa njia kwenye feri, ndiyo, lakini kama feri yenyewe iko ng'ambo utaingoja. Barabara ya Dongo Kundu ipo siku hizi, ila kwa anayeelekea kisiwani ni mzunguko mrefu. Mwenye mimba ya kawaida nisingemsumbua na hesabu hizi. Mwenye maji mengi, chupa yake yaweza kupasuka mapema, na ikipasuka maji hutoka kwa kishindo. Mtoto akiwa bado anaelea juu, kichwa hakijashuka kuziba njia, yale maji yaweza kuburuta kitovu, ile kamba inayomuunga mtoto na kondo, kikatangulia kutoka. Kitovu kikibanwa, mtoto hakosi chakula tu, akosa na hewa. Ni tukio la nadra. Lakini likitokea, zinahesabiwa dakika.

Kwa hiyo lifanye hili kuanzia sasa. Chupa ikipasuka, tazama saa, tazama rangi ya maji, na uende hospitali papo hapo hata kama huna uchungu wowote. Usingoje uchungu, usingoje kuoga, usingoje mtu atoke kazini. Ukihisi kitu kimening'inia ukeni, au ukakiona, usikishike na usikirudishe. Piga magoti, weka kifua na paji la uso chini, makalio juu, mkao ule ule wa sijda, na ubaki hivyo hadi msaada ufike. Ndani ya gari lala ubavu wa kushoto na mito chini ya nyonga. Mwenye kukusindikiza apige simu hospitali mkiwa njiani, aseme neno kitovu, watayarishe theatre. Mfundishe mavyaa mkao huu leo, maana mumeo huenda akawa Malaba siku hiyo na yeye ndiye atakuwa nawe.

Na hospitali ya kukimbilia katika hali hiyo ni ile ya karibu zaidi yenye theatre inayofanya kazi usiku na mchana. Jua kabla kama upande wako wa feri ipo. Enda ukaulize mwenyewe, usitegemee kuambiwa. Kama una jamaa kisiwani, shangazi, dada, yeyote wa kukustahi, hamia kwake wiki ya 37 ikifika, hata kabla daktari akikwambia maji yamepanda. Najua mke kuhama nyumba ya mumewe mwezi wa mwisho huzua maneno Likoni. Yaache yazuke. Jitayarishie pia hospitali ya pili, kwa kuwa hapa kwetu mgomo haupigi hodi: ule wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56.

Kupasuliwa si lazima. Maji kuzidi kwa ngazi yako, mtoto akiwa kichwa chini na hana shida nyingine, utazaa kawaida, na hakuna haja ya kuanzishiwa uchungu kabla ya wiki ya 39 kwa sababu ya maji peke yake. Akiwa amelala kimkingamo siku ya uchungu, hapo ndipo kisu kitaingia. Utakapolazwa, sema kwa mdomo wako mwenyewe kila zamu inapobadilika: "Mimi nina maji mengi." Manesi huwa wengi na faili huwa nene.

Sababu moja ya kulisema ni damu. Mji wa uzazi uliotanuka kupita kiasi huchoka, na ukichoka hausinyai haraka baada ya kuzaa, na usiposinyaa damu hutoka nyingi. Ndio maana nyumbani hapakufai safari hii, hata kama mtoto wa kwanza alitoka bila shida. Utahitaji sindano ya kubana mji wa uzazi mara tu mtoto anapotoka, na mahali penye damu ya kuongezewa. Nduguzo wenye afya waende wakatoe damu kabla, wasingoje kukimbizana usiku.

Sababu ya pili ni mtoto. Skeni nzuri hupunguza wasiwasi lakini haioni kila kitu, kwa hiyo daktari wa watoto aambiwe. Wanaweza kumpitisha mrija mwembamba mdomoni hadi tumboni kuhakikisha njia iko wazi. Na hapa nina ombi ambalo wazee wasinichukie kwalo: kama mna desturi ya kumlambisha mtoto tende anapozaliwa, subirini hadi daktari aseme njia ya chakula ni salama. Mtoto ambaye koo limeziba, kitu cha kwanza anachopewa chaweza kwenda mapafuni. Akitoa povu jingi mdomoni, au akikohoa na kuwa rangi ya buluu anaponyonya, msimnyonyeshe tena, mwiteni nesi mara moja.

Kwa sasa, lala ubavu, mito nyuma ya mgongo, au nusu umekaa. Pumzi kukata ukipanda ngazi ni tumbo kusukuma mapafu, huzoeleka. Pumzi kukata ukiwa umekaa kitako, nenda hospitali. Nenda pia tumbo likibana na kuachia kwa mpangilio, maana kabla ya wiki ya 34 kuna sindano za kuyakomaza mapafu ya mtoto na hazifai kuchelewa. Nenda ukiona damu, au tumbo likawa gumu na lauma bila kuachia, au kichwa kikauma na macho kuona vimulimuli. Na kucheza kwa mtoto ukufuatilie. Maji mengi hufanya mateke yasisikike sana, lakini wewe wamjua mtoto wako. Akinyamaza kuliko kawaida yake, usimsingizie maji.

Wapo ambao maji hupanda hadi wakashindwa kulala wala kula, na hao hospitali kubwa huweza kuwatoa maji kidogo kidogo kwa sindano ndefu, wakiongozwa na skeni. Wewe hujafika huko, na huenda usifike.

Na mumeo. Akipiga simu, kabla hajauliza umekula nini, mpe kazi. Aangalie kama malipo yenu ya SHA, bima ya afya ya serikali, yako sawa, maana tangu NHIF iondoke Oktoba 2024 wako wengi wanaodhani wamo na hawamo. Amtafute mtu mmoja mwenye gari au tuktuk hapo Likoni atakayeitika saa nane za usiku, na akuachie namba yake kwenye karatasi, si kwenye simu yake peke yake. Na yeye mwenyewe aombe likizo kuanzia wiki ya 37. Trela litapata dereva mwengine.

Majibu ya sukari yakitoka niandikie, na uniandikie namba zote tatu. Ukiambiwa tu "uko sawa", omba karatasi.

Bi Mkunga